Baiskeli ya Timazi

Fundi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia bila kuona haya: hakuna geti lake lililowahi kujifungua lenyewe. Pita mtaa wowote, shika geti lolote alilolichomelea yeye, liache nusu wazi, nenda zako. Ukirudi utalikuta palepale, limetulia kama mtu anayesikiliza habari. Siri ilikuwa kwenye nguzo. Nguzo ikiinama hata kwa unene wa kucha, geti linaanza kutembea. Linafunguka likitaka, linajibamiza likitaka, na mwenye nyumba anakuja karakana amenuna. Kwa hiyo Fundi alikuwa na vitu viwili asivyomwazima mtu: pimamaji lenye povu lake dogo la kijani, na uzi wa timazi wenye kipande cha risasi nchani. Asubuhi alivigusa hivyo kwanza ndipo akagusa kikombe cha chai.

Binti yake alifanya kazi hapohapo karakana, akikata vyuma na kusugua kutu. Alikuwa amerefuka kupita watu wote wa kwao, wa kuumeni na wa kuukeni. Mtaani walimwita Mlingoti, naye akaitika, maana kukataa jina la utani ni kuliongezea mbolea.

Habari ya baiskeli ilianzia kwa kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi alikuwa na baiskeli nyeusi ya urithi, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo Mlingoti aliiazima kila siku kwenda kuchota maji bombani, kule bondeni. Asubuhi moja, akiupanda mlima na madumu mawili yaliyojaa, aliwakuta mbele yake vijana wa klabu ya baiskeli katika fulana zao za kubana. Hakujua kama kuna adabu yoyote ya kupita watu wa mbio. Akawapita.

Nyuma ya vijana wale alikuwepo kocha wao, mwanamke mkavu wa maneno, juu ya pikipiki. Akamfikia Mlingoti, akamsimamisha.

"Dada, hayo madumu yana maji?"

"Yamejaa."

Kocha alilitikisa moja kuhakikisha. Halafu akamtazama kuanzia viatuni hadi juu, safari ndefu kidogo. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nina majaribio. Tunapanda mpaka kwenye tangi la maji, tunashuka. Njoo na baiskeli ya mbio, siyo hili trekta. Kupanda nimeshakuona. Nataka kukuona ukishuka. Anayeshuka vibaya simchukui hata kama anapanda kama moshi, kwa sababu siku akianguka anaanguka na wenzake." Akamuuliza umri. Alipotajiwa, akaguna. "Basi ni mwaka huu. Mwakani utakuwa umepita umri wa wanaoanza."

Mlingoti alifika nyumbani maji yamemwagika nusu, wala hakujua yamemwagikia wapi.

Kwenye soko la mitumba walijaribu baiskeli za mbio zote zilizokuwepo. Akizipanda, magoti yanagonga usukani. Alionekana kama mtu mzima aliyemnyang'anya mtoto. Iliyomtosha ilikuwa moja tu, nyuma ya kioo cha duka kubwa, na hiyo waliitazama kwa heshima wakaondoka.

"Nitakutengenezea," Fundi alisema.

Mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, alicheka mpaka uzi ukakatika. "Fundi, baiskeli siyo dirisha."

"Chuma ni chuma."

"Na kitambaa ni kitambaa, lakini mimi sikushonei suruali kwa vipimo vya pazia." Hata hivyo aliinuka, akavuta futi ya kamba shingoni, akamsimamisha binti yake ukutani. Akampima mguu kwa ndani, kiwiliwili, mkono mpaka kwenye vidole, mabega, akaandika kwa chaki juu ya ukuta wa karakana. "Huyo ndiye mwenye baiskeli," alimwambia mumewe. "Jenga kumzunguka yeye. Usimtengenezee chuma halafu umwambie ajikunje."

Vyuma walivipata kwa muuza vyuma chakavu: baiskeli za mbio mfu, moja imepondwa na gari, nyingine imelika kutu, ya tatu haijulikani iliuawa na nini. Fundi aliwalipia marehemu wote kwa kumchomelea mtu yule mlango wa banda lake, akawabeba begani. Alipokata bomba la kwanza alisimama. Alilipiga kwa ukucha. Yeye alizoea bomba la geti, ambalo ukiligonga linakujibu "du" kama mtu aliyeamshwa. Hili lilijibu kwa sauti nyembamba iliyokaa hewani. Akalielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani, akapapasa kwa kidole.

"Njoo uone."

Mlingoti alichungulia. Ukuta wa bomba ulikuwa mnene kwenye ncha, pale panapochomelewa, halafu ukapungua taratibu kuelekea katikati, ukawa mwembamba kama ganda la yai. Kwa nje huoni kitu.

"Kuna mtu aliketi," Fundi alisema, sauti imeshuka, "akafikiria chuma kinachoka wapi na hakichoki wapi." Alilishika bomba lile kwa namna ambayo Mlingoti hakuwahi kumwona akishika chuma.

Magurudumu yalikuwa kazi yake yeye binti. Alizing'oa spoku nzima kutoka kwenye ringi zilizopinda, akazinyoosha, akazisuka upya kwenye ringi zilizopona. Aliligeuza gurudumu karibu na kijiti cha kiberiti alichokigandisha kwenye uma unaoshika gurudumu, akasikiliza linapogusa, akakaza huku, akalegeza kule. Halafu alizipiga spoku kwa kidole moja moja kama nyuzi za zeze, ile iliyotoa sauti ya uongo akairudia. Jioni moja alilizungusha, nalo likazunguka bila kugusa kijiti popote. Lilikwenda kasi, lakini ringi ilionekana imesimama tuli, duara la mwanga lisilotikisika. Kinyozi aliyekuja kuomba moto wa sigara aliisahau sigara mdomoni.

"Linazunguka hilo?"

"Weka kidole ujue."

"Hapana, mama. Nimekuamini."

Fremu aliichomelea Fundi. Alishusha moto wa mashine mpaka ukawa mnong'ono, asije akayatoboa mabomba yale membamba, na kila kiungo kilipopoa alikuja na pimamaji na timazi. Bomba la juu, povu katikati. Bomba fupi la mbele, lile ambalo uma na usukani huzungukia ndani yake, alilitundikia uzi na risasi, akalisimamisha wima kabisa, kama nguzo ya geti la mtu mkubwa. Ilipokamilika aliiegemeza ukutani, na watu walipita kuitazama. Ilikuwa ndefu, kavu, haina hata tone la rangi, viungo vinang'aa. Mlingoti aliinyanyua kwa vidole viwili. Vitu vya kwao vyote vilikuwa vizito. Hakujua kuwa baba yake anaweza kutengeneza kitu chepesi.

Aliipanda kwenye barabara tambarare, ikaenda. Ilikuwa na wasiwasi kidogo mikononi, na akikata kona ncha ya kiatu iligusa gurudumu la mbele, lakini ikaenda. Kisha akaipeleka mlimani.

Kushuka kulikuwa kitu kingine. Kasi ilipopanda, usukani ulianza kumvuta, mara kushoto, mara kulia, kama mkono wa mtoto anayetaka kukutoroka sokoni. Akaushika kwa nguvu zaidi. Ukavuta zaidi. Kwenye kona ya kwanza gurudumu la mbele lilijikunja lenyewe, naye akaenda chini, goti likabaki na changarawe.

"Umebana mikono," Fundi alimwambia. "Unaogopa."

Siku ya pili alishuka polepole huku breki zikilia, akanusurika. Siku ya tatu alifika kileleni, akatazama chini, akashuka kwenye baiskeli na kuikokota mpaka nyumbani. Fundi alikuwa mlangoni na pimamaji mkononi. Alikuwa ameshauambia mtaa mzima kwamba tatizo ni woga.

"Nimeipima tena leo," alisema, uso umemkaza. "Imenyooka kuliko msumari. Hakuna mahali imekwenda upande hata chembe. Kilichopinda hapa ni moyo wako."

Mlingoti aliiegemeza baiskeli ukutani, akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda akiitazama mikono yake. Labda ndivyo, aliwaza. Labda mimi ni wa kupanda tu. Jumapili ilikuwa inakuja, na aliona wazi jinsi itakavyokuwa: atafika kwenye tangi na wa mbele, kisha atawaangalia wote wakishuka.

Aliyemtoa humo ni kinyozi, wala hakukusudia. Kesho yake Mlingoti alikuja kuazima ile nyeusi kwenda bombani, naye akamtania akiwa na wembe kwenye shingo ya mteja. "Mwoga wa mlima, nasikia baba yako anakutangaza. Ajabu, maana na la kwangu hili nakuona unashuka umeachia mikono, unafunga kilemba."

Mlingoti alisimama. Ni kweli. Kila asubuhi aliushuka mlima uleule, madumu matupu yanapiga kelele nyuma, mikono kichwani, akili iko kwingine kabisa. Woga wake ulikuwa wapi asubuhi?

Akawaza jambo hilo njia nzima. Aliporudi hata maji hakuyateremsha. Alimkuta baba yake anapiga brashi geti. "Baba, naomba uje nyuma kwenye ghala. Na wewe kinyozi," alipaza sauti upande wa pili wa ukuta, "njoo uyashushe madumu, ulete hili lako."

"Kufanya nini?" Fundi aliuliza.

"Tuzishushe bila mtu. Baiskeli isiyo na mtu haina wa kuogopa."

Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja wa ghala, sakafu ya saruji inayoteremka taratibu mpaka kwenye rundo la magunia matupu. Siku hiyo hapakuwa na malori. Kinyozi aliwekwa chini kama golikipa, shuka la kunyolea bado liko begani. Mlingoti alikimbia na baiskeli ya baba yake, akaishika kwa kiti, akaiachia.

Ilikwenda hatua chache. Halafu gurudumu la mbele likageuka ghafla, kana kwamba limeitwa, na baiskeli ikalala chini.

"Umeisukuma vibaya," Fundi alisema.

"Sukuma wewe."

Aliisukuma yeye, kwa uangalifu wa mtu anayebeba kioo. Ikaanguka mapema zaidi.

Mlingoti akachukua ile nyeusi. Akakimbia nayo, akaachia. Ilikwenda. Iliyumba kushoto kidogo, na hapo wote waliona: usukani ukageuka kushoto wenyewe, pole, kama mtu anayeweka mguu pembeni asianguke, na baiskeli ikainuka. Ikaelekea kulia, usukani ukaenda kulia, ikainuka tena. Hapakuwa na mtu juu yake. Chuma cha babu wa watu, chenye kutu kwenye makalio, kiliuteremka uwanja mzima kikijiwazia njia, kikajirekebisha, kikajirekebisha tena, kikamfikia kinyozi aliyeruka pembeni kama amekutana na mzuka.

Mlingoti alikuwa ameipanda baiskeli ile miaka na miaka, na siku zote alidhani ni yeye anayeiendesha.

Fundi aliteremka taratibu hadi chini. Aliitoa timazi mfukoni, akaushikilia uzi kwenye usukani wa ile nyeusi, akaacha risasi ining'inie. Uzi ulishuka wima, na bomba la mbele likaukimbia, likaenda zake mbele, limeinama wazi mbele ya macho ya kila mtu. Akaishika baiskeli kwa kiti, akailaza kidogo upande wa kushoto. Gurudumu likajigeuza kushoto. Akailaza kulia. Likamfuata kulia. Akarudia, akarudia tena, kama mtoto na mlango mpya.

"Ni geti," alisema mwishowe. "Ni geti lililofungwa kwenye nguzo iliyoinama. Linatembea lenyewe." Akachuchumaa. "Maisha yangu yote ninapigana na kitu hiki. Napigwa jua ninakitafuta nikiue. Kumbe kuna watu walikikaribisha ndani, wakakipa kazi."

"Kwa hiyo siyo moyo wangu," Mlingoti alisema.

Fundi alimtazama, halafu akalitazama goti lake lenye kovu bichi. Kwa mtu mwenye shingo ngumu vile, njia kutoka kooni mpaka mdomoni ilikuwa ndefu. "Moyo wako hauna neno, mwanangu. Nisamehe." Akainuka upesi. "Lete msumeno."

Alivikata viungo alivyovichomelea mwenyewe, vile vilivyong'aa, mbele ya kinyozi ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Kwenye kipande cha boksi walichora mwinamo wa ile nyeusi, wakauhamishia kwenye fremu, wakalishikiza bomba la mbele kwa nukta mbili tatu za moto tu, wakarudi uwanjani. Ilishuka moja kwa moja kama reli, lakini Mlingoti alipoipanda ilikata kona kama kitanda. "Hii ni ya kubebea mkaa," alisema. Wakakata nukta, wakaisimamisha kidogo. Sasa ikawa na kiherehere, ikaanguka katikati ya njia. Wakailaza tena, kwa upana wa ukucha. Fundi, ambaye alikuwa hajui kazi nyingine isipokuwa kulitafuta povu la katikati, sasa alikuwa anatafuta mahali ambapo hakuna chombo chake kinachopaonyesha. Alisukuma, akatazama, akachora mstari mwingine kwenye boksi.

Mama alifika amebeba chai wakati wanaisukuma tena. Mlingoti aliachia. Baiskeli ile tupu ilishuka ikiwa nyepesi, haijikokoti kama ile nyeusi. Ilichezacheza kidogo, ikajishika, ikachukua kasi, na ilipofika karibu na kinyozi alisahau kwamba yeye ni golikipa. Ikampita. Ikajilaza kwenye magunia taratibu, gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka hewani, kimya.

"Nani alikuwa anaiendesha?" Mama aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Nimeona kwamba hakuna mtu. Ndiyo maana nauliza."

Waliichomelea kabisa jioni hiyohiyo, na kwa kuwa gurudumu la mbele lilikuwa limesogea, kiatu hakikuligusa tena. Siku zilizobaki zilikuwa za vitu vidogo. Waliinua kiti mpaka kisigino kikafika kwenye pedali mguu ukiwa umenyooka. Walisogeza usukani ukakaa pale mikono ya Mlingoti ilipokwenda yenyewe akifumba macho. Waya wa gia waliukaza kwa nusu ya nusu ya mzunguko, wakasikiliza, wakalegeza, mpaka mnyororo ukaacha kunung'unika ukipanda na kushuka meno. Fundi alikuwa anaizunguka akiwa ameishika mikono nyuma, kama mgeni.

Jumapili, kwenye mstari wa kuanzia, vijana wa fulana walicheka. "Dada, hiyo ni baiskeli au fremu ya dirisha?"

"Chungulia ndani basi," Mlingoti alimjibu, "uone kama utaniona tukishafika juu."

Kupanda alipanda, na mchekaji alibaki kona ya pili akitafuta pumzi. Walifika kwenye tangi watu wanne. Kocha alikuwa pale, pikipiki inanguruma. Alionyesha chini kwa kidevu.

Mlingoti aliona barabara ikikunjuka mbele yake na mikono ikakumbuka kuanguka. Ikakaza. Aliusikia usukani ukingoja. Akavuta pumzi, akafungua vidole kimoja kimoja, vikabaki vimegusa tu, kama unavyomgusa mtu begani kumjulisha upo.

Kasi ikaja. Upepo ulimjaa masikioni hadi ukawa ukimya. Kila barabara ilipotaka kumtupa, kulikuwa na jibu dogo chini ya viganja, limeshafika kabla yeye hajaomba. Kona ya kwanza, palepale palipolila goti lake, iliingia ikatoka. Kijana wa mbele alibana breki, gurudumu la nyuma likamcheza. Mlingoti aliitazama nafasi iliyokuwa pembeni yake, na tayari alikuwa ndani yake. Nusu ya mlima alitambua kwamba anacheka. Hakushangilia kitu. Kilikuwa kile kicheko kinachomtoka mtu akionyeshwa kitu kikubwa kupita kichwa chake.

Alifika chini wa pili. Kocha alimfikia, akazima pikipiki, akavua kofia. "Jumanne, alfajiri, hapahapa," alisema. "Ukichelewa tunakuacha." Akaiangalia baiskeli kwa muda mrefu, akaenda kuwaita wengine.

Mama alikuja mbio na kanga mkononi kumfuta jasho. Nyuma yake Fundi alitembea polepole, akijifanya anatazama barabara.

"Baba ameniona?"

"Nani, huyu? Ulipotokea kwenye kona alifumba macho. Nimemshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki."

"Jua lilikuwa linaniwakia usoni," Fundi alisema. Alifika, akaweka kiganja kwenye bomba la mbele, akakiacha hapo. Lilikuwa bado linatetemeka kidogo kwa mwendo. "Haya, niambie. Kule kwenye kona. Ilikuwaje?"

Mlingoti alitafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. "Sikuikunja mimi, Baba. Niliangalia tu ninakotaka kwenda."

"Uliangalia tu."

"Niliangalia tu."

Fundi aliugeukia mlima, akaufuata kwa macho kutoka juu kwenye tangi, kona kwa kona, mpaka walipokuwa wamesimama. Kocha alimwita Mlingoti, akamwita tena, na wote watatu hawakusikia.